Matete Niliyoyafyeka

Mjukuu wangu Umutesi,

Barua yako imefika, na bahasha haikufunguliwa njiani, niliikagua. Bibi yako anakusalimia, mguu wake umepona. Jirani mpya amepanda majani marefu kando ya ua wetu. Nadhani anaficha kitu. Panga nimeshalinoa.

Unauliza kama ni kweli, mimea ikiondoka, hata wanyama wasiokula majani hukosa nguvu. Mimi niliona hapa Gisenyi, miaka ya hamsini.

Nilikuwa nikitega migono, vile vikapu vya kunasia samaki, kwenye matete ya ufukweni mwa ziwa. Samaki walipopungua kidogo, nilimshuku Zakaria aliyetega karibu nami. Nani mwingine? Nikafyeka matete yote upande wangu ili nimwone akija kuniibia.

Nilimvizia wiki nzima. Hakugusa kitu. Lakini migono yangu ikawa mitupu, na hata ndege wavuvi wakahamia kwake. Jua lilikuwa lile lile, ila majini hapakubaki kitu cha kulipokea.

Mwishowe Zakaria akaokota shina la tete nililokata, akanionyesha utelezi wa kijani na vidudu vilivyoung'ang'ania.

"We umekata chakula ya samaki," akasema. "Sasa itakula nini, macho yako?"

Jioni alituletea samaki wawili. Niliwageuzageuza kwanza, nikitafuta alama ya migono yangu. Kisha nikala kwa aibu.

Panga nimelirudisha ndani. Kesho nitamuuliza jirani hayo majani ni ya nini.

Babu yako