Kadi Nilizozipiga Pasi

Kisauni. Jumanne, mwezi wa tano, 1994. Mvua tangu alfajiri.

Shoga yangu, wewe mwenye subira, kaa kitako. Leo sina kichekesho.

Unakumbuka nilivyoringa na ile kompyuta? Hoteli moja ya Shanzu iliichoka, ikampa daktari wetu hapa dispensari, na daktari akaniita mimi, kwa kuwa mtaa mzima wajua nimejifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na kurasa za mwanzo. Nikaichokora, nikaibadilisha. Palipoandikwa "Chumba" nikatia "Ugonjwa". Wallahi nilijiona nimepaa! Kadi zote za wagonjwa, droo kwa droo, nikaziingiza. Jina, umri, ugonjwa, dawa. Nikasema, sasa hapotei mtu.

Kadi zenyewe zilikuwa zimejipinda kwa unyevu, na nyingine zimekunjwa pembe. Mimi na fujo hatupatani. Nikazibeba nyumbani, nikazifunika kitambaa, nikazipiga pasi ya makaa mpaka zikanyooka kama kanzu ya Ijumaa.

Sista Mwanajuma, nesi wetu wa miaka yote, alikuwa Lamu kwenye matanga ya mamake. Nilitaka akirudi ashangae.

Alhamisi akaja Mzee Kazungu, mtunza bustani, jirani yetu. Kifua kinambana, hata kusema ni taabu. Zamu ilikuwa ya Sista Njeri, msichana wa bara aliyeletwa kushika nafasi kwa muda. Alikuwa ameshavuta penisilini kwenye bomba la sindano, akamuuliza, "Mzee, dawa hii imewahi kukudhuru?"

Mzee akapunga mkono. "Sista wangu ajua. Yangu yote anayo yeye."

Njeri akanigeukia. "Haya mtaalam, hiyo TV yako inasemaje?"

Nikabonyeza. Nikasoma. Nikajibu kwa sauti, ili foleni nzima inisikie: "Hana neno huyo. Safi!"

Mimi ndiye niliyesema.

Haikuchukua muda. Midomo ikavimba, akawa anajikuna shingo, pumzi ikamkata. Njeri alihangaika naye mpaka jasho likamtiririka. Tulipompakia garini kumkimbiza hospitali kubwa alikuwa ameshanyamaza. Mkewe, Mama Dama, alibaki pale mlangoni ameshika viatu vya mumewe.

Jumamosi tukamzika. Nilikwenda. Nikala wali wao.

Leo asubuhi Sista Mwanajuma amerudi. Hata buibui hajavua, kavuta droo. Akachomoa kadi moja, ya pili, ya kumi. Anazipapasa pembe kama mtu aliyeangusha sindano ya kushonea.

"Mwanangu, kadi zangu zimekunjuliwa na nani?"

Nikamuuliza mikunjo ilikuwa ya nini.

"Anayedhuriwa na penisilini namkunjia pembe. Watu wakijaa hapa, mkono wajua kabla ya jicho. Kwani hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Na sikuuliza.

Niliingiza kila herufi iliyoandikwa kwenye zile kadi, sikuruka hata moja, na lililokuwa na maana kuliko yote halikuwa herufi. Wiki nzima nimetamba kuwa mashine haikosei. Kweli, haikukosea. Ilirudisha nilichoipa.

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Labda ni mvua, Sista. Droo ilivuja."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Inshallah nitawakumbuka," akaketi na kalamu. Mpaka adhuhuri alikuwa na majina manne, na moja hana hakika nalo.

Alipokwenda kuswali nikazikimbiza kadi dirishani, nikaziinua moja moja kwenye mwanga. Mkunjo haufi. Pasi huulaza tu, lakini ule mstari mwembamba unabaki, ukitazama vizuri unauona. Nimeandika majina kumi na saba. La Mzee Kazungu limo. Mmoja ni mtoto wa miaka mitatu. Mwingine ni mama wa hapo Mjambere, mwenye kidonda cha mguu, na kesho ndiyo siku yake ya kuja.

Karatasi iko hapa mapajani, nimeikunja mpaka imekuwa kama hirizi.

Nikimpa Sista, ataniuliza nimejuaje, na sina jibu ila la pasi. Nikikaa nayo, huyo mama akija kesho nani atajua? Tena kesho hiyohiyo, saa mbili, daktari amemwita Njeri. Wanasema ni uzembe wake, na huenda asifanye tena kazi ya unesi popote. Nimemwona jioni nyuma ya dispensari akifua aproni yake. Kafua, kasuuza, kaanza kufua tena. Akaniuliza, "Lakini wewe ulisikia nikimuuliza, sivyo?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Tena haraka haraka, kama mtu mwema.

Nimefikiri niisukume hii karatasi chini ya mlango wa Sista, bila jina. Lakini hati yangu aijua. Na karatasi isiyo na mwenyewe haitamwokoa Njeri, wala haitamwambia Mama Dama ni sauti ya nani aliyoisikia siku ile kutoka ndani.

Pengine ameshaitambua. Alinipakulia mwenyewe ule wali.

Niambie basi shoga yangu, na usinionee haya: ungekuwa wewe, kesho asubuhi ungebisha hodi kwa nani kwanza? Kwa Sista, kwa daktari, au kwa Mama Dama?