Ndagala Zako na Miguu Yangu

Yaya Felista mupenzi, jirani na dada yangu,

Tangu asubuhi niko naanza hii barua na kuiacha. Nakaa, nasimama, naenda ku mulango, narudia. Sina raha hata kidogo juu yako.

Unakumbuka wakati munganga alinipasua shingo, akatoa tezi iliyovimba? Weye ndiye ulinipokea nikitoka lopitalo, ukanifunga kitambaa yako juu bantu basiangalie kovu. "Sasa uko muzuri tena," ukasema, na tulicheka mpaka mushono ukaniuma.

Kisha miguu ikaanza. Midomo inawasha, vidole vinakakamaa, nyayo zinajikunja zenyewe, magoti yanakaza. Nilikuwa nashuka kitanda kwa kushikilia ukuta. Weye ukawa unaniletea ndagala, bale samaki badogo ba ziwa lenu, na mifupa na vichwa. "Kula yote, mudogo, usiteme kichwa." Nilikula, na nilikuwa natembea kidogo. Hatukujua sababu.

Mama-mukwe aliona tu kama kila asubuhi uko ku mulango yetu. Unajua bantu betu: mutu akiugua miguu, banauliza kwanza alikanyaga nini. Akasema ulitega dawa ya uchawi pale. Akamwaga maji ya majani ku mulango, akatupa ndagala, akakufukuza mbele ya majirani. Sahani yako ya kuletea ndagala ikabaki, hakuna aliyesubutu kuigusa. Miye nilikuwa kitandani nasema hapana, hapana, na hakuna aliyenisikia. Ukahamia Kasungami bila kuniaga. Miguu ikakaza kabisa, mpaka bakanibeba mugongoni kurudi lopitalo.

Munganga akaeleza. Pembeni ya ile tezi iko vitezi vidogo vinavyochunga kalsiamu, ile inayotia mifupa nguvu na kutuliza misuli. Kisu kilivigusa. Akanipiga sindano, akanipa unga wa kunywa kila siku, kisha akauliza mbele ya miguu kukaza kabisa nilikuwa nakula nini. Nikasema ndagala nzima, na mifupa yake.

"Zilikuwa zinakusaidia," akasema. "Nani alikuambia uache?"

Mama-mukwe alikuwa amesimama pale pale.

Hasira yangu haijaisha, sikufichi. Nakasirika naye, na weye pia kidogo, juu uliondoka bila kugonga dirisha yangu. Sokoni naangalia kila mama anayeuza samaki, labda ni weye. Na naogopa kama utaniona utageuza uso.

Nimeomba hii barua isomwe kwa sauti mbele ya bamama misa ikiisha, hapa Kenya, mutaa wetu, na kwenu Kasungami pia. Bote bale balisikia uongo, basikie na ukweli.

Mama-mukwe alitaka niandike kwamba anaomba musamaha. Nilikataa, nikamwambia akuambie na mudomo wake. Jumapili tunakuja, yeye na miye, na sahani yako ataibeba yeye. Anasema tutafute lori, juu njia ni ndefu. Nimekataa na hilo. Utufungulie tu, Yaya. Tunakuja kwa miguu.

Ni miye, mudogo yako wa kitambaa ku shingo