Kamba Iliyomvuta Makoye

Baba Neema wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Siku hizi najijibia mwenyewe: milele na milele, amina.

Jumapili kabla ya misa ulikuwa unajisugua mikono kwa ndimu hadi ngozi inawasha, na harufu ya sato haitoki. Nikikucheka unasema, "Mama Neema, hata Petro alinuka hivi hivi." Mikono hiyo ndiyo waliyosema imemnyonga Makoye, mwenzako wa mtumbwi mmoja tangu ujana!

Siku upepo ulipowapindua karibu na Kamanga, ulirudi umekumbatia dumu, unaliita jina lake. Kesho yake wavuvi wakamwona anaelea. Wakafanya kama tunavyofanya huku: maiti ya ziwani haipandishwi mtumbwini, inafungwa kamba na kuvutwa taratibu hadi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Kamba walimpitishia kwapani, mawimbi yakaisogeza shingoni. Mwalo mzima uliona.

Daktari wa hospitali aliyeupima mwili hakumuuliza mtu. Aliona alama shingoni, akaandika kanyongwa kisha katupwa majini. Na kwa kuwa mlikuwa mmegombana juu ya nyavu wiki ile, basi, muuaji kapatikana.

Bado nakuona kizimbani na lile shati ulilovaa kwenye harusi ya mdogo wako. Ulieleza habari ya kamba vizuri kabisa. Wakili wa serikali akakuuliza, "Mzee, unataka kumfundisha daktari kazi?" Watu wakacheka. Daktari naye akatabasamu. Wavuvi waliomvuta Makoye walisema kama wewe, wakaambiwa wanamtetea rafiki yao. Neno la mtaalamu likawa Injili. Mungu anisamehe kusema hivyo, maana Injili haijamfunga mtu asiye na kosa.

Sokoni nikaulizwa, "Mama Neema, hawa sato wako wamevuliwa au wamenyongwa?" Nikauza hivyo hivyo, nimeuma meno.

Gerezani uliniambia kupitia wavu, "Usimchukie yule daktari, hakujua." Nikaitikia kwa heshima yako tu. Asiyejua anauliza! Kutoka hospitali ile hadi mwaloni ni mwendo wa mguu.

Wakili wa rufaa alipompelekea daktari mwingine picha na ripoti, huyo alisema alama ile ni ya kamba iliyomvuta mtu aliyekwisha kufa. Na maji mapafuni yalikuwa yameandikwa humo humo, kwenye ripoti iliyokufunga. Nilipokuletea habari ulipiga magoti pale pale, askari akakuacha. Tukawa tunasubiri tarehe tu. Kifua kikakuchukua kwanza.

Sasa wanasema rufaa imekwisha, marehemu hana kesi. Kesi hana, ila hatia wamemwachia! Juzi walikuja watu kumposa Neema. Waliposikia baba yake ni nani, wakanywa chai, wakaaga, hawajarudi.

Padri anahimiza tusamehe. Najaribu, mume wangu. Lakini kanisani, kwenye Baba Yetu, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mdomo wangu unajifunga. Wenzangu wanaendelea, mimi natazama sakafu. Nataka yule daktari wa kwanza aje asimame mwaloni, mbele ya wote walioiona ile kamba, na Neema akiwepo, aseme, "Nilikosea." Siku hiyo nitaisali yote bila kuruka.

Wewe msamehe huko uliko, moyo wako ulikuwa mpana kuliko wangu. Mimi bado.

Mkeo,
Mama Neema