Keki za Mwanasesere

Dada yangu mpendwa,

Natumai hamjambo. Mimi mzima, ila wiki nzima kucha zangu zina rangi ya waridi.

Ndani ya boksi hili kuna keki tatu na donati sita za mwanasesere wa binti yako. Nimezifinyanga kwa ule udongo wa plastiki wa rangi, nikazioka hadi zikawa ngumu kama kokoto. Donati moja ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Mwambie asizitie mdomoni. Mwaka juzi aliing'ata moja, akaniambia, "Mama, umesahau sukari!" Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Dada, uliponiachia mwanao ukaenda kutafuta maisha, alikuwa hajaota jino. Miaka sita si siku sita. Ulipokuja kumchukua sikukuzuia, maana mtoto ni wako. Nilimfungia mizigo huku nikitabasamu. Mlipoondoka nilikaa sakafuni chumbani kwake, mpaka mume wangu aliporudi kutoka kazini akaniinua.

Jumapili uliponipa niongee naye kwenye simu, alisema, "Shikamoo, mama mdogo." Nikajua umemfundisha, tena umemfundisha vizuri. Niliitikia marahaba, nikasingizia mtandao, nikakata.

Sikulaumu, dada. Nakuomba jambo moja tu. Siku akishikwa na homa akalia "Mama!", nawe ukaona kabisa kwamba ananitafuta mimi, usimsahihishe. Itika wewe.

Ni mimi, mdogo wako.