Jeneza Tuliloliimbia Mbele ya Mawaziri

Mpendwa shemeji,

Wiki tatu zimepita tangu tukuzike kwenye makaburi ya Forest, hapa Brussels, na bado naona haya kutaja jina lako mbele ya dada yangu Bernadette. Naiacha barua hii wazi, bila bahasha, kwa sababu watakaoisikia ndio niliowadanganya.

Unakumbuka ulivyotuchosha na ile chauffage, mitambo ya kupasha nyumba joto? Ulipita chumba hadi chumba katika nyumba yetu ya Saint-Josse ukizima moto, mimi nimevaa sweta tatu nakulaani kwa Kiswahili, ukadhani nakutania. Watu waliniambia shemeji yangu alikuwa mwigizaji anayejulikana Uingereza nzima, aliyeigiza daktari kwenye televisheni. Mimi nilichokiona ni mwanamume mrefu anayetwanga majani ya sombe, kisamvu chetu, akiwa na koti. Huku ukitwanga ulitusimulia ulivyokataa tangazo la gari na wakala wako alivyokulilia kwenye simu, ukiigiza sauti zote mbili, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya kukataa tangazo hilo, kazi zilikauka. Ukahamia Brussels, zinakoandikwa sheria za Ulaya, ukampata dada, ukaanza kusimama barabarani na vikaratasi vyako vya joto la dunia.

Ndipo likaja wazo la jeneza. Mawaziri wangekutana kujadili sheria ya kupunguza moshi, nawe ungeizika dunia mbele ya mlango wao. Ulitaka waimbaji wa matanga, ukaniomba niseme na kwaya yetu.

"Waambie ni mchezo," ulisisitiza mara mbili. "Waambie ndani ni udongo tu."

Sikuwaambia. Nilijua akina mama wa kwetu hawafuati jeneza lisilo na mtu. Kufanya hivyo ni kuita kifo nyumbani. Nami nilitamani sana uniite hodari, kama ulivyozoea kumwita dada. Basi nikawaambia kuna mzee Mzungu amekufa, hana ndugu, hana wa kumwimbia. Kwetu hiyo inatosha. Walikuja wote kutoka barabara ya Chaussée de Wavre, wamefunga vitambaa vyeusi, wengine wameomba ruhusa kazini.

Waliimba, shemeji. Wapita njia walivua kofia. Maman Régine, kiongozi wetu, alilia mpaka tukamshika mikono. Kisha ukafungua kifuniko kama ulivyopanga, ukamwaga udongo mkavu kwenye ngazi.

"Bon, hakuna muntu?" Maman Régine aliuliza taratibu. Halafu sauti ikapanda. "Mutoto yangu nilimuzika ku njia ya kukimbia vita, bila sanduku! Na weye unabeba sanduku ya bure? Unacheza na lufu, kifo yenyewe?"

Ulinitazama, ukaelewa yote papo hapo. Nilifungua mdomo, lakini ulinitangulia kwa Kiswahili chako cha kuokoteza: "Ni mimi. Espérance hakujua. Mimi nilimdanganya."

Sikuwahi kukuona jukwaani. Siku ile nilikuona, na uliigiza vizuri mno hata mimi nikatamani kukuamini. Nikakuacha ubebe kosa langu. Nilirudi na kwaya, nikakaa kwenye tramu katikati yao, nikikusema vibaya pamoja nao. Mawaziri walikuwa wameshapita na magari yao, na hakuna aliyeshusha kioo.

Tangu hapo, kila ulipogawa vikaratasi katika mtaa wetu wa Matonge, watu walivuka barabara kukukwepa. Ulikonda, kifua kikakubana, ukaendelea kusimama mvuani. Siku moja tukinywa chai uliniambia, "Nadhani hawatasikia, Espérance. Si kwa sababu yako. Hawatasikia tu." Nilichukia ulivyonifariji.

Ulipokufa, dada alikwenda mwenyewe kwa Maman Régine kuomba kwaya. Hakukaribishwa hata ndani. "Donc leo amekufa kweli?" aliulizwa mlangoni. "Aimbiwe na batu ba théâtre, ba mchezo." Tulikuzika watatu: dada, mimi, na padri aliyekuwa na haraka. Dada alijaribu kuanzisha wimbo, sauti ikamkatika, nami sikuweza kumpokea.

Majira ya baridi yanakwisha bila theluji, na watu madukani wanafurahi. Ile sheria uliyoipigania haizungumzwi tena. Ningependa kukupa habari moja njema, shemeji, lakini natafuta na sioni.

Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya kwaya niwasomee maneno haya, na dada nitamwomba aketi mbele. Hayatakurudisha, wala hayatakuimbia. Najua Maman Régine atakavyonitazama, na najua dada ataondoka bila kunisubiri. Siku yangu mimi ikifika, asije mtu kuniimbia.

Lala, shemeji. Nimechelewa.

Shemeji yako mdogo,
Espérance