Mtoto wa Nyangumi Aliyeifuata Mashua Yetu

Mwanangu mpendwa, Bi Maswali,

Pokea salamu tele za mama yako mdogo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na lile jino lililokuwa likicheza limeshatoka bila vita. Mimi ni mzima, nanuka dizeli kama kawaida yangu.

Uliniuliza, kwa kuwa mimi ni fundi wa injini kwenye mashua ya watafiti, ni kitu gani tunachotupa baharini kinachowaumiza viumbe. Nilitaka kukujibu upesi: mifuko ya plastiki, ambayo kasa huidhania chakula, nyavu zilizoachwa, zinazoendelea kunasa samaki wasio na mlaji, maji machafu ya miji. Yote ni kweli. Lakini wiki iliyopita nilijifunza kwamba tunatupa kitu kingine, nacho hakielei wala hakizami. Kelele.

Tuna dada mmoja hapa, mtaalamu wa sauti, tunamwita Masikio. Huteremsha kinasa sauti majini, akakaa akisikiliza kama jirani mmbea. Nilimuuliza anasikiliza nini, samaki si mabubu? Alicheka hadi akashika mbavu. Akaniambia kule chini ni sokoni: kamba wale wa kuliwa hualika kama vidole, samaki hukoroma, na nyangumi huitana, maana majini macho hayafiki mbali, lakini sauti hufika.

Siku hiyo tulikuta nyangumi na mtoto wake. Masikio alisema hao huongea kwa kunong'ona, adui asiwasikie. Mara ikapita meli kubwa ya shehena, mngurumo wake ukafunika kila kitu. Ilipokwisha kupita, mama haonekani, na mtoto anazunguka peke yake. Kisha akaifuata mashua yetu. Akajibanza ubavuni, pale injini inaponguruma, kana kwamba amepata wa kumnyonyesha. Mtoto wa nyangumi bila maziwa hana siku nyingi.

Nikamwambia nahodha kwamba mtoto anatudhania mama yake, aniache nizime injini ili amsikie mama wa kweli. Akasita. Mawimbi yalikuwa yakitusukuma kwenye miamba, na injini yetu ni kongwe, huenda ikagoma kuwaka tena.

“Ikigoma, nitupe mimi,” nikamwambia.

Akaguna, akakubali. Akashika redio, akaiomba meli nyingine iliyokuwa ikija ipunguze mwendo. Nahodha wa huko alifoka kwamba anachelewa bandarini. Halafu akauliza, mtoto mwenyewe ana ukubwa gani? Alipoambiwa, mngurumo ukashuka.

Nikazima. Tukaelea tu, miamba ikizidi kukaribia. Ghafla Masikio akainua kidole, machozi yakimlengalenga. Alisema mama anaita. Mtoto akageuka, akapiga mbizi, akaenda. Baadaye tuliona migongo miwili kwa mbali, mkubwa na mdogo. Injini ilikubali kuwaka, ila baada ya kunitoa jasho jembamba.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mama nyangumi alipoita, tulipokezana visikizi vya masikioni vya kile kinasa sauti ili kila mtu asikie ule wito. Wenzangu walitabasamu, nami nikatabasamu. Lakini sikusikia kitu. Miaka ya kukaa kando ya injini imelimaliza sikio langu la kushoto, na la kulia linafuata mkumbo. Nimekuwa nikificha, mtu akiniita najifanya nimezama katika mawazo. Ila nilipomtazama mtoto yule akizunguka, nilijua mama yake hakumtupa. Alikuwa hamsikii tu.

Kesho kutwa nakwenda kwa daktari wa masikio. Nahodha naye amekubali tubadilishe panga la mashua, lile linalozunguka nyuma na kuisukuma, kwani letu limepinda, na lililopinda hupiga kelele zaidi majini. Mweleze mama taratibu, asije akapiga yowe. Ingawa hata akipiga, mimi huenda nisilisikie.

Nisalimie wote nyumbani, paka asisahauliwe. Nikija likizo, kaa upande wangu wa kulia, unitazame usoni, kisha uniulize kila swali ulilonalo.

Akupendaye,
Mama mdogo, fundi wa injini