Kikohozi Changu Amepewa Hodan

Garissa, Alhamisi, 1998

Leo jua limewaka mpaka mabati ya darasa yanalia yenyewe. Mawingu yalipita upande wa mto, hayakusimama. Moyo wangu mzito na sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika hapa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hooyo, mama yangu, hakisomi, na dada zangu ni wavivu wa kusoma kitu chochote kirefu.

Nianze na mchezo.

Muhula uliopita nilikuwa mwigizaji. Mimi huyu, ambaye nikiulizwa swali darasani sauti inajificha tumboni. Lakini nikipewa maneno ya mtu mwingine nayasema bila shida. Mwalimu Mutiso, ambaye ametoka Ukambani na anasimamia klabu ya afya ya shule, alinipa nafasi ya msichana mwenye kifua kikuu. Tuliigiza uwanjani karibu na soko la mbuzi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kukohoa wiki mbili, mpaka mbavu zikauma.

Nilikohoa vizuri. Nilikohoa vizuri kupita kiasi.

Kwenye mchezo nilitakiwa nimeze dawa miezi yote, nipone, halafu mwisho niolewe kwa vigelegele. Lakini Mwalimu alipanga tuanze saa tisa na nusu. Sisi wasichana wote tulijua alasiri itaingia katikati, na hakuna aliyemwambia. Mimi niliona haya kumsahihisha mwalimu. Adhana ikatukuta nimelala kwenye mkeka, natema mate kwenye kopo. Watu wakainuka kwenda kuswali, na wengi hawakurudi.

Basi kwao sikupona.

Wiki hiyo hiyo mama wa dukani alianza kuniwekea sukari juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Eeddo Khadija, shangazi yangu wa damu, aliniambia nisimbebe mtoto wake. Kwetu ugonjwa huu hautajwi. Ukisemwa umeingia nyumba fulani, hata mabinamu hawaposwi tena. Hooyo alitembea nyumba kwa nyumba kueleza kwamba yale yalikuwa maigizo tu, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kuna kitu anaficha.

Niliacha kuigiza. Mwalimu akasema sawa, niandike mchezo unaofuata, wengine watasema. Nilipenda sana. Mwandishi haonekani. Halafu nikaona hata huo mchezo utamtesa msichana mwingine atakayekohoa, nikaanza kuchora.

Binamu yangu ana gemu ya mkononi kutoka Eastleigh, kule Nairobi, ile ya matofali yanayoshuka. Niliitazama siku moja nikawaza, kama vidoti vyeusi vinaweza kuwa tofali, vinaweza pia kuwa mtu. Hakuna atakayeogopa kikombe cha mtu wa vidoti. Nikachora msichana kwenye kona ya daftari, kila ukurasa amesogea kidogo. Ukiachia kurasa haraka kwa kidole gumba anainama, anakohoa, anameza dawa, ananyooka. Niliwaonyesha wenzangu, wakacheka kwa furaha, wakataka tena. Mwalimu alilipeperusha daftari mara saba. Akaniambia nichore picha sita kubwa kwenye karatasi za manila, akazibandika kwenye baraza ya zahanati ambapo kina mama wanapanga foleni.

Sikumchora uso. Nilijiona mwerevu.

Sasa nikiri. Huwezi kuchora mtu kutoka hewani, lazima umtazame mtu. Na mtu ninayemtazama kutwa nzima ni Hodan, kwa sababu anakaa mbele yangu darasani. Hodan bega lake la kushoto limeshuka kwa kubeba mitungi ya maji tangu akiwa mdogo, na akisimama anaegemea mguu mmoja. Mkono wangu ulichukua vyote viwili bila kuniuliza. Au uliniuliza nikakubali, sijui. Kina mama kwenye foleni hawakuhitaji uso. Walisema mara moja, huyu ni yule msichana wa bega.

Nilimwomba Mwalimu azitoe picha. Akazitoa, lakini maneno hayabanduliwi kama karatasi. Yeye aliona ni jambo dogo, maneno ya mtaani yatapita. Hajui watu wetu.

Tangu Jumatatu Hodan haji shuleni. Mjomba wake amefika kutoka Mandera, anataka kumchukua akakae huko, mbali na watu. Shule basi.

Jana nilienda kwao. Mama yake alinikaribisha vizuri, masikini, hajui ni nani aliyechora. Anadhani picha zilitoka Nairobi. Hodan anajua, na hakumwambia. Tulikaa kwenye mkeka tukatazama miguu yetu. Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha, nikaishia kuchomoa nyuzi za mkeka. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, polepole, bila hasira.

"Walaal, ndugu yangu, wewe ulipoitwa mgonjwa, mimi nilikunywa chai kwenye kikombe chako. Mbele ya wote."

Ni kweli. Ni yeye peke yake aliyethubutu.

Niliaga, nikatoka kama mwizi.

Na leo, siku ya leo, Mwalimu ameniita ofisini akitabasamu. Ana rafiki Nairobi ambaye kazi yake ni kufanya michoro itembee, na sasa anataka kutengeneza gemu ya kompyuta kuhusu dawa za kifua. Ameona daftari langu. Anataka niandike hadithi yote, kila njia ambayo mchezaji anaweza kufuata.

"Wewe uigizaji achana nao," Mwalimu akasema. "Hii ndiyo kazi yako."

Nilisema asante. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, na nikajichukia hapo hapo.

Mjomba anaondoka na Hodan kesho baada ya swala ya Ijumaa. Ni mtu mmoja tu anayeweza kumwambia mama yake kwamba bega lile nililiiba mimi, na hakuna anayeumwa. Nikisema, watu watasema nilijichora mwenyewe, na kikohozi kinarudi nyumbani kwetu, kwa hooyo, kwa dada zangu ambao hawajaposwa.

Nimekaa hapa nimeandika maneno ya kumwambia mama yake Hodan. Mistari minne. Nimefuta, nimeandika upya, sasa imekaa vizuri, hata Mwalimu angeisifu.

Nani atakwenda kuisema?